Wawili Waliobaki

Afande alifika karakana ya Viungo Bandia saa mbili kasoro robo asubuhi, naye alikuwa amepewa mpaka saa nane mchana. Huo ni muda wa kufua shuka na kulianika, si wa kupeleleza, lakini Mkuu wa Chuo alikuwa amesema hivyo na Mkuu wa Chuo hakuwa mtu wa kurudia neno. Saa nane Baraza la Chuo lingekaa kupitisha orodha ya programu thelathini na nane, zilizopangwa kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na tatu za mkiani zingefungwa. Ya mwisho kabisa ilikuwa hii ya Viungo Bandia, na mwenye programu alikuwa amelalamika kwa maandishi kwamba amechezewa.

Jina la Afande alilitoa polisi, alikotumika miaka kumi na tisa. Sasa aliongoza Kitengo cha Uadilifu cha chuo, kitengo chenye meza moja, viti viwili na birika, lakini watu walikataa kumwita kitu kingine. Hata mama mkwe wake alimwita Afande, tena kwa woga kidogo.

Ndani ya karakana vumbi jeupe lilikaa juu ya kila kitu. Miguu ya plastiki ilining'inia ukutani kwa ukubwa wake, ya watu wazima juu, ya watoto chini, na kila mguu ulikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Katikati ya chumba mwanamume wa miaka sitini hivi alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja aliyeketi, akimviringishia bandeji ya plasta kwenye kigutu, chini kidogo ya goti. Wanafunzi walimwita Profesa Miguu. Mwanzoni jina lilimuudhi, siku hizi aliliitikia.

"Nisamehe, Afande, siwezi kusimama," alisema. "Plasta haingoji mtu. Ikikauka vibaya, huyu mama atachubuka mwaka mzima."

"Endelea na kazi. Nitauliza hapo hapo ulipo. Wamekupa alama gani?"

"Asilimia tisa kwenye uendelevu wa wanafunzi. Maana yake wanafunzi wangu wanakimbia. Na alama thelathini kati ya mia zinatoka hapo, kwa hiyo hata ningepata zote nyingine, nisingefika popote."

"Na wanakimbia?"

Profesa alicheka bila furaha. "Mtu akishajifunza kumsimamisha mwenzake, ukimfukuza mlangoni anarudi kwa dirisha."

"Kundi la mwisho waliingia wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wamehitimu ishirini. Wawili bado: mmoja alijifungua, mwingine aliugua mapafu. Nimezungumza nao wote, muhula ujao wanarudi."

Afande aliandika. Ishirini kwa ishirini na wawili haikuwa asilimia tisa hata kwa hesabu za mlevi. "Fomu uliijaza mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Nilijaza kama walivyouliza, nikampa tarishi."

"Nakala?"

Profesa aliinua mikono yake miwili, myeupe mpaka kwenye viwiko. Nakala hakuwa nayo.

"Palikuwa na semina ya kuelezea fomu hiyo. Ulihudhuria?"

"Semina gani?"

Afande alitazama ubao wa matangazo. Barua ya mwaliko ilikuwa imebandikwa pale wiki saba zilizopita, nayo plasta ilikuwa imeirukia mpaka tarehe ikazibika. Aliikwangua kwa ukucha, akaisoma, akaiacha ilivyo.

"Nani anaweza kufaidika ukifungwa?" aliuliza.

"Mimi simsingizii mtu. Lakini Jumatatu Tai wa Biashara alikuja hapa na futi ya kupimia, akapima ukuta huu na ule. Orodha imetangazwa jana, Jumatano. Alijuaje?"

Mama aliyekuwa kitini alikuwa akisikiliza. Sasa alisema, taratibu, kama anayeuliza njia, "Na wakifunga hapa, mwanangu, mguu ukilegea mimi niende wapi?"

Afande aliliandika swali hilo kama lilivyo. Alifunga daftari lake akaenda masijala.

Masijala ilitawaliwa na Mama Mihuri. Kwa miaka kumi na sita hakuna karatasi iliyoingia wala kutoka pale bila yeye kuipiga muhuri, na watu walisema hata mumewe alipoposa, aliambiwa aache nakala mbili. Alileta faili la fomu, nene, limefungwa kwa kamba, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Kila karatasi inayoingia naipa namba kwa penseli, juu kulia," alieleza. "Karatasi ikitoka, mahali pake naweka kikaratasi cha njano: nani kachukua, lini, ya nini. Sina mambo mengi, Afande. Nina hayo tu."

Walifunua pamoja. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na tano.

Mama Mihuri alirudi nyuma, akalamba kidole, akafunua tena. Hapakuwa na namba ishirini na nne, wala hapakuwa na kikaratasi cha njano. Alikaa chini.

"Bora mtu angeniibia mkoba," alisema.

"Ilikuwa ya nani?"

Hakuhitaji daftari, lakini alilifungua ili mambo yaende kwa utaratibu. "Viungo Bandia."

"Ufunguo wa kabati wanao akina nani?"

"Mimi na Bwana Mipango. Mchakato wote huu wa kupanga programu ni wake, faili ni lake. Yeye hasaini. Wengine wote wanasaini." Aligeuza daftari upande wa Afande. Wiki ile palikuwa na saini moja tu: Jumatatu, saa tano asubuhi, mkuu wa Idara ya Biashara.

Yaani Tai. Rafiki zake walisema aliitwa hivyo kwa sababu ya kitambaa cha shingoni, ambacho hakukivua hata jua likiwa la kuchoma. Maadui zake walisema ni kwa sababu ya ndege yule anayezunguka juu ya mzoga. Afande alimkuta ofisini, milango wazi, wanafunzi wamejaa mpaka kwenye ngazi za nje wakiandika juu ya magoti yao.

"Umekuja kwa ajili ya futi," Tai alisema kabla hajasalimiwa.

"Nimekuja kwa ajili ya faili. Futi utaieleza baadaye."

"Vyote ni kitu kimoja. Nina wanafunzi mia tisa na ukumbi wa watu mia tatu, umewaona mwenyewe hapo nje. Programu ikifungwa, vyumba vyake vitagawiwa. Anayekuja na vipimo mkononi anapewa, anayekuja na malalamiko anaambiwa asubiri. Ni dhambi?"

"Jumatatu orodha ilikuwa haijatoka."

"Mimi ni mjumbe wa kamati. Jumatatu nilionyeshwa rasimu. Viungo Bandia walikuwa wa mwisho, lakini kando ya namba yao palikuwa na alama ya kuuliza. Nikamuuliza Bwana Mipango, akasema ngoja kwanza, hiyo namba naiulizia. Nikamwambia, na ikibadilika? Akaitazama rasimu. Halafu akasema, basi Muziki wataingia kwenye zile tatu."

Afande aliacha kuandika. "Mmoja akipanda mwingine anashuka."

"Ndivyo orodha zilivyo. Ndiyo maana nikapima vyumba viwili." Alitoa kijitabu mfukoni. Karakana ilikuwa mita kumi na nne kwa tisa. Chini yake paliandikwa Muziki, mita kumi na moja kwa... na hapo mwandiko ulikatika.

"Huku hukumaliza."

"Nilizuiwa. Mama Kinanda, mkuu wao, alikuwa anafundisha, mimi napima polepole kwa nyuma, mumewe akanishika mkono akanitoa mpaka koridoni. Akaniambia niache, kwa heshima kabisa, lakini hakuniachia mkono mpaka mlango ulipofungwa."

"Mumewe ndiye nani?"

Tai alimtazama kwa huruma. "Afande, na wewe ni mpelelezi wa namna gani? Mama Kinanda ni mke wa Bwana Mipango. Chuo kizima kinajua, hata paka wa mgahawani."

Afande alilimeza hilo bila kubadilisha uso. "Fomu ya Viungo Bandia uliichukua?"

"Ya nini? Namba ile ilikuwa inanifaa. Kama kuna mtu aliyetaka ibaki salama ndani ya faili, ni mimi."

Hoja hiyo ilikuwa na miguu yake. Mtu haibi kitu kinachomfanyia kazi kikiwa mahali pake. "Ulipoiona iliandikwa ngapi?"

"Mbili. Sikusoma zaidi, nilitafuta namba tu."

"Ilifutwa? Ilikwanguliwa? Mtu aliondoa sifuri?"

"Mbili safi. Mwandiko wa Profesa, wino wa Profesa, na alama ya dole la plasta pembeni."

Afande alitoka pale akiwa amepoteza mshukiwa na mashtaka kwa pamoja. Hapakuwa na aliyeichezea namba. Profesa mwenyewe, aliyehitimisha watu ishirini, alikuwa ameandika mbili kwa mkono wake. Basi swali halikuwa nani aliibadilisha fomu. Swali lilikuwa fomu ilimuuliza nini.

Alirudi masijala saa tano na nusu. Mama Mihuri alikuwa bado ameketi mbele ya faili, akililinda sasa, mwizi akiwa ameshakwenda zake. Afande aliomba fomu nyingine yoyote na kusoma ukurasa wa pili kwa sauti: wanafunzi walioanza, nafasi tupu, wanafunzi waliobaki, nafasi tupu. Hapakuwa na maelezo mengine. Akaanza kuzipitia zote thelathini na saba, ukurasa huo tu.

Kwenye fomu ya Misitu alisimama. Walioanza walikuwa tisini na sita. Kwenye waliobaki paliandikwa tisa, ikakatwa, na juu yake pakaandikwa themanini na saba kwa wino wa kijani. Fomu ya Maktaba nayo ilikuwa na kijani. Ya Lishe pia.

"Kijani ni kalamu ya nani?"

"Ya Bwana Mipango. Hapa hakuna mwingine anayeruhusiwa. Hao watatu walipiga simu wiki iliyopita wakasema wamekosea."

"Wamekosea hesabu?"

"Hesabu walijua. Walikosea kuelewa."

Wakati huo tarishi aliingia na chai, mzee mpole aliyebeba barua za chuo kile tangu barua zilipokuwa zinabebwa kwa baiskeli. Afande alimkaribisha kiti.

"Mzee, nisaidie jambo. Darasani wameanza wanafunzi arobaini, wamebaki wanne. Hao wanne ni watu gani?"

"Hao ndio wavumilivu," tarishi alijibu bila kusita. "Wengine wote wamekimbia."

"Wavumilivu wapi," alidakia Mama Mihuri. "Hao wanne ndio waliobaki nyuma. Wenzao wamemaliza, wao wanarudia. Mwanangu mwenyewe alibaki darasa la sita, mimi najua ninachosema."

"Akibaki nyuma unasema amebaki nyuma. Akibaki tu, yupo."

"Mwanangu alibaki, na alikuwa yupo, na alikuwa nyuma."

Waliendelea kubishana, chai ikapoa. Afande aliwaacha, akaandika majibu yote mawili kwenye daftari, moja kando ya lingine, kama alivyokuwa akiandika maelezo ya mashahidi wawili walioona ajali moja. Profesa hakuwa ameenda kwenye semina. Fomu ilimuuliza wanafunzi waliobaki, naye akafikiria wale wawili wake, yule mzazi na yule mgonjwa. Akajibu kwa uaminifu kabisa. Mpangaji wa orodha akasoma kwamba kati ya ishirini na wawili, waliovumilia ni wawili tu.

Kosa lenyewe halikuwa na mwovu. Lakini mtu mmoja alikuwa amelijua kosa hilo tangu wiki iliyopita, alilisahihisha mara tatu kwa wino wa kijani, na mara ya nne akaweka kalamu chini.

Ofisi ya Bwana Mipango ilikuwa ghorofa ya pili. Alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, wa aina ile ambayo ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Orodha ya mwisho ilikuwa mezani tayari kwa Baraza. Afande alifunga mlango, akaketi.

"Fomu namba ishirini na nne."

"Ipo kwenye faili."

"Jumatatu saa tano ilikuwepo. Tangu hapo hakuna aliyesaini, na wasiolazimika kusaini mko wawili. Mwenzako leo nusura alie."

Bwana Mipango alivua miwani akaanza kuifuta.

"Misitu walipiga simu, ukasahihisha," Afande aliendelea. "Maktaba, ukasahihisha. Lishe, ukasahihisha. Viungo Bandia hawakupiga, kwa sababu hawakujua kama kuna kosa. Wewe ulijua. Uliweka alama ya kuuliza, ukamwambia Tai unaiulizia. Ulimuuliza nani?"

Alifuta miwani mpaka hapakuwa na cha kufuta. Halafu alivuta droo, akatoa karatasi akaiweka juu ya meza. Pembeni ilikuwa na dole jeupe.

"Kuichana nilishindwa," alisema.

Afande aliisoma. Walioanza, ishirini na wawili. Waliobaki, wawili. Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo zilizobanwa ili zitoshe: *Hawa wawili wanarudi muhula ujao. Tafadhali msiwafute.*

Alisoma mara ya pili, na hasira ikampanda waziwazi. Katika fomu zote thelathini na nane, huyu ndiye pekee aliyewaombea wanafunzi wake, na ombi lenyewe ndilo lililofungiwa kwenye droo.

"Haya maneno uliyasoma lini?"

"Jumanne. Naapa, Jumatatu nilitilia shaka namba tu. Jumanne asubuhi niliitoa fomu nikaenda nayo mpaka mlangoni kwake nimuulize. Alikuwa amepiga magoti anamvalisha mzee mmoja mguu, hakuniona. Nikasimama pale nikingoja amalize, ndipo nikayasoma. Nikaelewa yote. Nikaona, nikimuuliza, atanijibu."

"Ndiyo kazi ya kuuliza."

"Akinijibu, mke wangu anaanguka. Afande, miaka kumi na moja amefundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Mwaka huu ndio wamemwajiri. Siku aliyopata barua alilala nayo chini ya mto." Aliisogeza fomu kwa kidole. "Nikageuka nikarudi. Sikuibadilisha namba ya mtu. Niliiacha tu."

"Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa. Kutouliza kwako wewe nako si ujinga. Ulijua sana."

Hakubisha. Alisema, kwa sauti ya chini, "Na neno lenyewe ni langu. Fomu zote za nyuma tulikuwa tunaletewa zimetafsiriwa, hazieleweki. Hii niliiandika mimi, Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Nilijivunia. Nilimwambia Mkuu kila mtu ataielewa."

"Na kila mtu ameielewa. Kila mtu kivyake."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini. Afande alimwonea huruma, na hakuona sababu ya kuificha, lakini pia alimkumbuka mama wa karakana na swali lake. "Saa nane nitatoa ripoti," alisema. "Naweza kuisoma mimi, au unaweza kusema mwenyewe."

"Mke wangu atakuwepo. Wakuu wa programu tano za mwisho wameitwa."

"Najua."

Bwana Mipango alivaa miwani. Alichukua kikokotoo, akaingiza ishirini mahali pa mbili, akaanza kupanga upya, mstari kwa mstari, bila kuharakisha. Viungo Bandia wakapanda mpaka wa ishirini na tisa. Waliokuwa kuanzia nafasi hiyo wakashuka moja moja. Alipofika kwa Muziki, kalamu ilisimama juu ya karatasi muda mrefu. Halafu akaandika thelathini na sita.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na meza ndefu na wajumbe kumi na watano, na nyuma yao viti vya wageni. Profesa Miguu alikuwa amebadilisha shati, lakini plasta ya kwenye kucha ilimshinda. Viti viwili kutoka kwake aliketi Mama Kinanda, mwanamke mnene kiasi mwenye mgongo ulionyooka, mkoba wake juu ya kiti cha kando yake. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, bibi aliyezoea kusikiliza watu wakidanganya na asionyeshe kuchoka.

Bwana Mipango alisimama akaeleza. Alisema neno waliobaki ni lake, na lina maana mbili. Alisema amelisahihisha mara tatu kwa waliopiga simu. Kisha akasema, bila kushusha karatasi, "Fomu ya nne niliitoa kwenye faili nikaificha, kwa sababu ikisahihishwa, programu inayoshuka ni Muziki."

Wajumbe waligeukiana. Sauti iliyofuata haikutoka mezani.

"Ulijua tangu lini?" Mama Kinanda aliuliza. Alimuuliza kana kwamba wako nyumbani, akasahau kwamba pana Baraza, na Mwenyekiti hakumkatiza.

"Jumanne."

"Jumanne jioni ulikuja darasani kwangu. Ulikaa nyuma unasikiliza mpaka mwisho."

"Ndiyo."

Mumewe aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akakohoa. "Hesabu imesahihishwa. Viungo Bandia si ya kufungwa. Profesa, pole kwa yaliyokupata. Sasa twende kwenye tatu za mwisho kama zilivyo sasa."

"Mheshimiwa," Profesa alisema, akainuka. "Naomba dakika moja. Kosa hili nusu yake ni langu. Barua ya semina ilikuwa ukutani kwangu, sikuisoma. Lakini kuna jambo moja kazi yangu imenifundisha. Mguu wa mtu mmoja haumfai mwingine, hata vipimo vikilingana. Mkinisimamisha leo kwa mguu wa Muziki, mtakuwa mmemkata mzima, na mimi bado nitaanguka."

"Unataka nini?"

"Tuulizwe upya. Wote thelathini na nane. Neno moja limenitoa nafasi ya ishirini na tisa likanipeleka ya mwisho. Mengine hatujayajaribu."

Mwenyekiti alimgeukia Afande. "Fomu ina maswali mangapi?"

"Arobaini na moja, Mheshimiwa."

"Na wewe umechunguza mangapi?"

"Moja."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Wa kwanza kuinua alikuwa mjumbe wa Misitu, na hilo halikumshangaza mtu. Tai, naye mjumbe wa Baraza, alikuwa wa nane, akashusha pumzi ndefu, na mkono wake ukatosha. Muhula huo hakuna programu ambayo ingefungwa, na kila programu ingeulizwa upya. Bwana Mipango asiguse faili lolote mpaka shauri lake la nidhamu lisikilizwe wiki ijayo. "Na sasa ondoka mbele ya meza," Mwenyekiti alimwambia, bila ukali, "ukakae na wageni."

Alikusanya karatasi zake akaenda nyuma. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kimoja, chenye mkoba wa mkewe. Alisimama kando yake, akishika karatasi kifuani, haombi wala haondoki. Afande, aliyeona watu wengi wakingoja hukumu, alijikuta akitazama sakafu. Mama Kinanda alimwacha asimame mpaka Mwenyekiti akafungua ajenda ya pili na kuisoma yote. Kisha, bila kumtazama, aliuchukua mkoba akauweka mapajani, na mumewe akakaa.